Kwa vijana mnaopanda nyumbani Machame, Kilimanjaro, na wachumba Desemba hii

Wanangu,

Shikamoo zenu nitazipokea mkifika. Nawaandikia mapema kwa sababu wengine mnakuja kuandikisha ndoa, na matangazo yatasomwa ibadani Jumapili tatu. Kabla ya Jumapili ya kwanza, kaeni jikoni na bibi zenu, muulize ukoo wenu ulivyo.

Mimi sikuuliza. Nilirudi nyumbani kuolewa mwaka 1974. Nikitafuta cheti cha ubatizo kwenye sanduku la bati la mama, nikakikuta chini ya kanga, kimekunjwa mara nne. Jina la baba halikuwa la yule aliyenilea. Nikakirudisha palepale, nikaenda kumenya ndizi. Mchumba wangu alikuwa nje na kaka zangu, nasikia anavyocheka. Nikajisemea, nitamwambia tukishafunga ndoa.

Tangazo la pili liliposomwa, shangazi yake akamweleza yote. Alikuja kwetu usiku, kwa miguu, akauliza neno moja: "Ulijua tangu lini?" Baba yangu ni nani, hilo halikumsumbua. Zilimuuma zile siku nilizonyamaza.

Someni Ruthu sura ya 3. Wengi hupenda pale kwenye uwanja wa kupuria. Mimi hurudia mstari wa 12. Boazi anamwambia Ruthu usiku uleule kwamba yupo jamaa wa karibu kuliko yeye, mwenye haki ya kwanza ya kumwoa. Angeweza kunyamaza. Kulipokucha akaenda langoni, akalimaliza mbele ya wazee kumi.

Wala msidhani ni aibu tupu. Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza ndugu kuoana, hata waliochangia baba tu. Siri ya mzazi inaweza kuwakutanisha kaka na dada kanisani bila wao kujua.

Mkigundua jambo, msimvamie mama. Siri ya namna hiyo mara nyingi ameitunza kwa hofu, ili wewe usitengwe. Muulizeni faraghani, si siku ya Krismasi wakwe wakiwa mezani.

Tangazo letu la tatu lilisomwa baada ya miezi mitatu. Aliyetangulia kwenda kwao na jani la sale mkononi, ishara yetu Wachagga ya kuomba radhi, kuniombea msamaha ni yuleyule baba aliyenilea.

Anayeogopa kuuliza peke yake aje kwangu tarehe 23, kabla ya mazoezi ya kwaya. Tutakwenda wote.

Bibi yenu, mzee wa kanisa