Mvua Ikinyesha Tunaondoka Vilevile: Siku Yako ya Gent na Brugge

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi simu inalia. Ni ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa mgeni tunayemtembeza, aliye hotelini Brussels: "Kaka, umeona nje kulivyo? Tusubiri ikatike kwanza?" Kuanzia Oktoba hatumalizi wiki bila kuupata ujumbe huu, na jibu letu halibadiliki: shukeni tu, gari liko mlangoni.

Tunaelewa wasiwasi wenu. Aliyekulia Mombasa au Dar es Salaam anaijua mvua inayokuja na ngurumo, ikamwaga, mitaro ikafurika, kisha jua likatoka na watu wakarudi kwenye shughuli zao. Ya Ubelgiji ni manyunyu. Yanaanza hujaamka, na unaweza kulala ukayaacha. Brussels hupata takriban milimita 840 za mvua kwa mwaka, kiasi kidogo kuliko Mombasa, ila zimetawanyika kwenye siku kama 190. Ukingoja ikatike utaingoja hadi siku ya ndege. Mwaka wetu wa kwanza tulikaa mgahawani na familia moja saa mbili na nusu tukikodolea macho dirisha. Tulipofika Brugge kiza kilikuwa kimeshaingia, maana mwishoni mwa Novemba jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni.

Tangu siku ile, mvua ikinyesha tunageuza ratiba. Kukiwa kukavu huwa tunaanzia Brugge, kwenye mashua za mfereji. Kukiwa na mvua tunaanzia Gent, mwendo wa chini ya saa moja kwa barabara ya E40 foleni ikiwa ya kistaarabu. Tunaegesha chini ya ardhi au pembeni mwa mji na kupanda tramu. Tangu 2017 Gent imefunga njia nyingi za katikati kwa magari, kwa hiyo msitulaumu tukiwaambia mtembee kidogo.

Sababu ya kuanzia Gent iko ndani ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Bavo: ule mchoro wa Mwanakondoo wa ndugu Hubert na Jan van Eyck, uliokamilika mwaka 1432. Ni mbao 12 zinazofunguka na kufunga kama kabati. Tunawaomba wageni wasiukimbilie kwa simu. Angalieni vito kwenye mavazi, majani yanayotambulika moja moja, na huyo mwanakondoo mwenyewe, ambaye mafundi walipoondoa rangi iliyopakwa juu yake baadaye walimkuta ana macho ya kumtazama mtu usoni. Halafu tafuteni ubao wa chini, kushoto kabisa. Huo ni nakala. Wa asili uliibwa usiku mmoja wa Aprili 1934 na hadi leo haujapatikana. Hapo hata watoto waliokuwa wananung'unika huanza kuuliza maswali. Tiketi ina saa maalumu, tunaikata sisi mapema. Wageni Waislamu hutuuliza kama wanaruhusiwa kuingia. Wanaruhusiwa, kinachotakiwa ni utulivu tu.

Tukitoka hapo njaa imeshika, na chakula cha Gent kama kimepikwa kwa ajili ya hali hii ya hewa. Waterzooi ni mchuzi mweupe wa kuku au samaki wenye malai, liki, karoti na viazi. Unatuliza tumbo, ila pilipili hauijui; bi mkubwa mmoja wa Lamu alifungua mkoba, akatoa kichupa chake cha pilipili ya ndimu, na meza nzima ikamshukuru.

Hapa niseme wazi jambo ambalo waongozaji wengi hawalitaji. Stoofvlees, ile nyama ya ng'ombe inayopikwa mpaka ikalainika, hupikwa kwa bia. Kome wa sufuria mara nyingi hutiwa mvinyo mweupe. Wanaoitwa "natuur" kwa kawaida ni selari na vitunguu tu, na bado tunauliza jikoni. Chipsi nazo, za jadi hukaangwa kwa mafuta ya ng'ombe, mara mbili: kwanza kwa moto wa wastani ziive ndani, zipumzishwe, kisha kwa moto mkali zikauke nje. Ndiyo maana hazilegei hata ukizila umesimama mvuani, zikiwa kwenye karatasi iliyokunjwa kama ile ya karanga za mtaani. Asiyekula mafuta hayo atuambie siku ya kuweka nafasi. Vipo vibanda vinavyotumia mafuta ya mimea, lakini havipatikani kila kona.

Brugge tunaingia alasiri. Mashua tunaziacha kwa sababu nyingi hazina paa. Mnara wa Belfort wenye ngazi 366 sishauri pia: utapanda ukihema, ufike juu uone ukungu. Tunakwenda Kanisa la Mama Yetu kuona sanamu ya marumaru ya Michelangelo, Mariamu na mtoto, iliyonunuliwa na wafanyabiashara wa Brugge yeye mwenyewe akiwa hai. Kisha wafel ya moto, ile keki ya kubanwa kwenye chuma chenye vyumba-vyumba. Ya Brussels ni ya mstatili, nyepesi. Ya Liège ni ya unga wa hamira wenye punje za sukari zinazoyeyuka na kuganda kama kashata. Mimi napenda ya Liège, mwenzangu ya Brussels, na ubishi huo huwa unaendelea garini hadi nyumbani.

Wasiotaka kwenda mbali tunawapeleka Tervuren, pembeni mwa Brussels, kwenye jumba la makumbusho la Afrika. Wageni wetu wa Lubumbashi na Goma wengi huomba wenyewe. Mwaka 1897 Mfalme Leopold II alileta Wakongo 267 hapo waonyeshwe kwa watu. Saba walikufa, na makaburi yao yako kando ya kanisa la mji. Siku hiyo hatupangi jambo jingine zito. Tunarudi Matonge, mtaa wa Wakongo mjini Brussels, kula sombe (kisamvu) na samaki.

Kuhusu fedha: manyunyu hayarudishi malipo. Idara ya hali ya hewa ikitangaza tahadhari ya rangi ya chungwa au nyekundu, hasa ya upepo, tunaahirisha sisi wenyewe bila gharama, au tunarudisha pesa yote. Miamvuli iacheni, upepo wa huku unaigeuza ndani nje. Makoti ya mvua yamo garini. Tutumieni tu namba za viatu kabla ya saa mbili usiku wa kuamkia safari. Buti za mpira tunazo, kuanzia 36 hadi 45, na za watoto jozi tatu.