Barua kwa mwanangu: kuhusu jirani yenu anayepigwa

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma. Unaniuliza kama utakosea ukimwendea yule jirani yenu na kumkanya kiume kwa vile anavyompiga mkewe. Jambo lenyewe halijibiki kwa maneno mawili ya simu, ndiyo maana nimekaa kuandika. Mwite mkeo msome pamoja, kwa sababu katika hili yeye ana kazi kubwa kuliko yako.

Usimwendee. Hasira yako naielewa, na ningehuzunika kama usingekuwa nayo. Ila tazama kitakachofuata. Utamkanya, atakuitikia kwa adabu, pengine atakupa na mkono. Wewe utarudi kwako. Yeye atafunga mlango, mke na watoto wakiwa ndani, na neno la kwanza litakuwa: "Kumbe unanitangaza kwa majirani?" Katika miaka yangu ya uuguzi nilipokea wanawake ambao kipigo chao kibaya zaidi kilikuja baada ya mtu mwema kwenda kuwatetea.

Sikuambii uzibe masikio. Ukisikia anapigwa saa ile ile, piga simu polisi. Kama mko wawili watatu, gongeni mlango kwa kisingizio chochote: mmesikia kishindo mkadhani kuna mtu kaanguka, mnaulizia kama na kwao umeme umekatika. Msimtuhumu, msiingie ndani. Kusudi ni kumkatiza tu. Mtu anayempiga mkewe mara nyingi anajua kujizuia vizuri sana. Bosi wake hampigi, na akisikia hodi sauti yake hushuka mara moja.

Watakuwapo wa kukuambia kwamba mambo ya mke na mume hayaingiliwi. Watakukumbusha kuwa ndugu wakigombana uchukue jembe ukalime. Methali nzuri, ila ilisemwa juu ya watu wanaogombana, na wagombanao hujibizana. Pale mtu anapopima kila neno kabla ya kulitamka, anaposhtuka kusikia ufunguo mlangoni, anapoomba ruhusa ili ampigie mama yake simu, hapo hakuna ugomvi wa kusubiri uishe. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2023 wanawake na wasichana wapatao 51,100 waliuawa na waume, wapenzi au jamaa zao, wastani wa 140 kila siku. Nao walikuwa na majirani.

Sasa mkeo. Amtafute yule mama wakati yuko peke yake, mbali na nyumbani kwake, na asimtumie ujumbe wa simu kuhusu jambo hili, kwa kuwa hatujui simu ile husomwa na nani. Asianze na habari za mume. Aanze na yeye mwenyewe: analalaje, anaendeleaje. Kisha aseme wazi na kwa ufupi kwamba anasikia yanayotokea, anamhofia, si kosa lake, na akimhitaji saa yoyote yupo. Halafu anyamaze. Hapo ndipo wengi hushindwa, maana ukimya huwatisha wakaujaza ushauri. Yule mama anaweza kukana, akasema aliteleza bafuni. Mkeo asibishane naye. Amwambie, "Sawa, ila niliyosema yako palepale," na wazungumze mengine. Nimeona watu wakirudi kwa mtu wa namna hiyo miaka baadaye, kwa sababu tu siku ile hakuwahukumu.

Swali moja mlipige marufuku ndani ya nyumba yenu: "Kwa nini haondoki?" Linamtwisha yeye mzigo wa mtu mwingine. Halafu majibu yapo, tena mengi. Fedha zote ziko mikononi mwa mume. Ameambiwa akitoka watoto hatawaona tena. Bado anampenda yule mtu wa siku njema, na siku njema zipo kweli, wala hazibuni. Zaidi ya yote, anajua jambo ambalo sisi wa nje hatulioni: hatari ya kuuawa hupanda hasa pale mwanamke anapotangaza kuachana, na katika kipindi cha mwanzo baada ya kutoka. Anayesitasita mara nyingi anapiga hesabu ya uhai wake. Kwa hiyo kuondoka hupangwa kimyakimya, na anayeamua siku ni yeye. Mumewe amekuwa akimwamulia kila kitu. Nasi tukija na amri zetu, hata kama ni za huruma, tutakuwa tumembadilishia bwana tu.

Kuna mambo ambayo mkeo akiyasikia asiyapokee kama habari za kawaida. La kwanza ni kukabwa koo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulionyesha kuwa kwa mwanamke anayepigwa na mwenzi wake, kama amewahi kukabwa koo, uwezekano wa kuja kuuawa huongezeka zaidi ya mara saba. Na aliyekabwa aende hospitali hata kama shingo haina alama, kwa maana mishipa inaweza kuwa imeumia kwa ndani na madhara yakajitokeza saa nyingi au siku kadhaa baadaye. Mengine ni silaha ndani ya nyumba, vitisho vya kuua au vya kujiua, kupigwa akiwa mjamzito, na kufuatwafuatwa kila aendako. Kama analazimishwa tendo la ndoa, huo nao ni ukatili, na hapo muda ni dawa: kinga dhidi ya VVU lazima ianzwe ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora, vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hutumika ndani ya siku 5. Wanawake wengi huja hospitali wiki imeshapita, kwa kuwa hakuna aliyewaambia.

Akiamua kujiandaa, nyumba yenu inaweza kumtunzia vitu. Nakala za vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kitambulisho, kadi za kliniki, dawa anazotumia, ufunguo wa akiba, nguo chache, fedha kidogo. Picha za majeraha zenye tarehe pia, na karatasi za hospitali, maana mahakama huuliza. Visikae kwake. Namba za simu muhimu azikariri au aziandike kwenye karatasi, na simu anayotumia kutafuta msaada isiwe ile ambayo mume anajua neno lake la siri. Wakubaliane na mkeo neno moja la kawaida ambalo likitamkwa maana yake ni "piga simu polisi sasa." Mwaka 2020, watu walipofungiwa majumbani kwa sababu ya korona, taasisi moja ya wanawake ya Kanada ilieneza ishara ya mkono: kiganja mbele, kidole gumba kikunjwe ndani, vidole vinne vikifunike. Ni vizuri wote muijue, ingawa kwa maoni yangu neno mlilokubaliana wenyewe ni salama zaidi, kwa sababu ishara inayojulikana dunia nzima na mume naye ataijua.

Watoto wake msiwasahau. Mtoto hahitaji kupigwa yeye ili aumie, kusikia kunatosha. Utamwona anakojoa kitandani wakati alishaacha, au anakuwa mkorofi shuleni, au mtulivu kupita kiasi, na huyu wa mwisho ndiye anayenitia hofu zaidi, kwa sababu walimu humsifu. Wafundishwe mambo machache: wasiingie katikati ya mapigano, wakimbilie nyumba gani, wapige namba gani, na kwamba hawakusababisha wao. Waje kwenu kucheza siku za kawaida, ili siku ya kukimbia wasije wakigonga kwa wageni. Msiwahoji, wala msimseme vibaya baba yao mbele yao. Wapewe tu mahali ambapo hakuna anayepiga kelele.

Nije kwenye suluhu. Najua wazee wa ukoo na viongozi wa dini watapenda kuwaketisha wote wawili, na nia zao ni safi. Mimi hilo nalipinga, na nitaendelea kulipinga. Ukimweka mwanamke mbele ya anayempiga na kumwambia aeleze, ama atadanganya ili alale salama, ama atasema kweli na ailipie usiku. Kisha huulizwa: na wewe ulimkosea nini? Kila upande huambiwa upunguze, kana kwamba kipigo ni deni la kugawana. Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kukomesha ubaguzi dhidi ya wanawake ilisema wazi mwaka 2017 kwamba kesi za ukatili zisipelekwe kwa lazima kwenye usuluhishi. Mzee mwenye busara ana kazi nyingine nzuri: amwite mwanamume peke yake, amwambie kwamba jamii inajua na haimuungi mkono, na yeye mwenyewe aache kumnukulia mke maneno ya uvumilivu. Hata hiyo ifanyike mke akiwa ameshirikishwa na amekubali, si kwa kumshtukiza.

Sasa kazi yako wewe, kwa kuwa najua umeshaanza kujiuliza. Iko kwa wanaume wenzako. Kule mnakokaa mkicheka, mtu akisema mke asiyepigwa hanyooki, usicheke. Mwambie halijakupendeza, kisha muendelee na mazungumzo. Unaona ni jambo dogo? Kampala walilijaribu kwa mpango. Shirika moja la kiraia liliwafunza wakazi wa kawaida, wake kwa waume, wazungumze na majirani zao kuhusu nguvu: nani anayo, anaitumiaje, inaumiza nani. Walizungumza vibarazani, sokoni, nyumba kwa nyumba, kwa miaka. Watafiti walilinganisha mitaa hiyo na mingine isiyokuwa na mpango, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba wanawake waliopigwa na wenzi wao katika mwaka uliotangulia walikuwa pungufu kwa takriban nusu. Walioifanya kazi hiyo walikuwa watu wa mtaani humo humo, wanaojulikana kwa majina na tabia zao, ndiyo maana walisikilizwa. Na mwanamume akikuambia mwenyewe kwamba amechoka kuwa vile alivyo, usimfukuze. Mtafutie mtaalamu, ila usimwache afanye majuto yake kuwa sababu ya mke kurudi.

Siku yule mama akitoka, kama atatoka, watu watajaa wiki ya kwanza. Nguo zitakuja, machozi yatakuja, watu watamsifu ujasiri. Mwezi wa tatu hutamwona mtu. Nimekaa kwenye kikundi chetu cha kina mama muda wa kutosha kusema kwamba mwezi wa tatu ndio unaowarudisha wengi. Kodi inadaiwa, kesi imeahirishwa, mtoto anaumwa, na mume ametuma ujumbe wa kuomba radhi mtamu kama asali. Nyumba salama zinaokoa, na tangu ile ya mwaka 1971 iliyofunguliwa Chiswick, London, akina mama wengi wamepata pa kulala. Lakini muda wa kukaa humo una mwisho. Baada ya hapo anahitaji mtu wa kumsindikiza mahakamani akae naye kwenye benchi la kusubiri, mtu wa kumchukulia watoto shuleni siku ya usaili wa kazi, mtu wa kumsaidia kujaza fomu, mtu wa kumpigia simu bila kuuliza habari za kesi. Mgawane hayo mapema. Mtu mmoja akiyabeba yote atachoka, na akichoka ataanza kuona yule mama ni mzigo. Na akirudi kwa mumewe, asikute mmekunja nyuso. Mpokeeni vilevile, safari ya pili huwa rahisi kwa aliyekuta mlango haujafungwa.

Mkeo aliniuliza kuhusu mchango. Msiitishe kwenye kundi la simu. Habari za mwanamke anayejificha hazisambazwi hata kwa nia njema, na jina la mahali alipo lisiandikwe popote. Chagueni mtu mmoja anayeaminika kwa siri, kila mwenye nia ampe yeye, na yeye amkabidhi yule mama mkononi, bila masharti ya matumizi. Ataamua mwenyewe kama ni kodi au viatu vya mtoto. Akiwa bado yupo kwa mumewe, fedha hizo zisipite kwenye simu yake, na ni bora zikae kwa mkeo mpaka aziombe.

Mwulize mkeo ataweza kuonana naye lini, na kama anataka kujaribu maneno hayo kwangu kwanza anipigie. Kesho jioni nipo.

Mama yako