Bangi: marufuku imemlinda nani?

Mhariri,

Mjadala wa kuhalalisha bangi umegeuka ushabiki: huyu anaiita dawa, yule anaiita shetani. Mimi sivuti, wala sitaki mwanangu avute. Lakini tuulizane, marufuku imemlinda nani? Muuzaji wa kichochoroni haulizi umri, wala hasemi amechanganya nini kwenye msokoto. Uruguay ilihalalisha mwaka 2013, Kanada 2018, na huko Kanada pakiti lazima ionyeshe kiwango cha THC, kile kinacholevya, pamoja na onyo la afya. Huo ndio udhibiti. Ninachohofia ni makampuni makubwa na matangazo yao. Ya sigara tuliyaona. Ikihalalishwa, matangazo yazuiwe tangu siku ya kwanza, na waliofungwa kwa msokoto mmoja waachiwe.

Msomaji wenu