Dawa ya mtoto, na mama je?

Mama Rashid shoga yangu,

Salamu sana, na pole kwa mizunguko ya hospitali. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote. Pale ulipoiacha habari ya daktari ukahamia bei ya nyanya, kisha ukajiuliza "nilikuwa nasema nini vile?", nilicheka peke yangu jikoni. Halafu nikasema, huyu naye akapimwe.

Umeniuliza kama ADHD ya Rashid, hii hali ya kushindwa kutulia na kukaza akili, "imetoka kwako", kama anavyosema wifi yako. Hali hii hurithiwa sana. Tafiti za mapacha zinakadiria kuwa takriban asilimia 74 ya tofauti kati ya watu katika jambo hili hutokana na urithi. Si sukari, si jini, wala si kudekeza. Ila wifi yako akumbuke kuwa mtoto ana baba pia, na kaka yake huyo simjui kwa kutulia kitini.

Sasa ile karatasi mliyopewa kliniki: ratiba ukutani, sheria chache, nyota kila anapofanya vizuri, na adhabu ileile kila siku bila kubadilika. Mambo mazuri yote. Lakini tazama anayetakiwa kuyabeba: mama anayeunguza maharage akiwa amesimama mbele ya sufuria. Uingereza, mwaka 2002, Edmund Sonuga-Barke na wenzake waliwafuatilia watoto wa miaka mitatu wenye ADHD ambao mama zao walifundishwa malezi ya namna hii. Watoto ambao mama zao wenyewe walikuwa na dalili nyingi za ADHD hawakupata nafuu, wa mama wengine walipata. Kwa hiyo ratiba ikikushinda wiki ya pili, usijiite mvivu. Punguza. Anza na jambo moja, tuseme asubuhi ya kwenda shule, mengine yasubiri. Nyota za ukutani mpe bibi yake azibandike, yeye hasahau kitu.

Na wewe utibiwe? Naam. Lakini nikuambie ukweli wote, kwa sababu watu hukatia habari njiani. Wajerumani walichapisha utafiti mwaka 2015, wa mama 144 na watoto wao, wote wenye ADHD. Kundi moja la akina mama lilipewa methilfenideti, dawa ileile ya Rashid, pamoja na tiba ya mazungumzo ya kikundi, kundi la pili likapewa ushauri wa kawaida. Kisha wote wakafundishwa kulea pamoja na watoto. Mama waliotibiwa walipata nafuu zaidi, ila kwa upande wa watoto hakukuwa na tofauti ya maana kati ya makundi mawili. Wapo wanaosoma hapo wakasema, basi, haina haja. Mimi sikubali. Tangu lini nafuu ya mama ikahesabiwa tu pale inapomfaa mtoto? Ukitibiwa, iwe kwa ajili ya akili yako, biashara yako na usingizi wako. Rashid ana tiba yake.

Najua utashawishika kumeza kidonge chake kimoja ujaribu. Usithubutu! Mtu mzima hupimwa presha na mapigo ya moyo, naye hupangiwa dozi yake. Vya Rashid vifungie kabatini. Vile vya muda mfupi hufanya kazi kwa takriban saa nne na hupunguza hamu ya kula, basi ashibe kwanza ndipo ameze. Akipewa jioni mtakesha wote. Kliniki wampime uzito na urefu kila mnapokwenda, wakisahau wakumbushe. Na usisubiri chupa iishe ndipo uanze kutafuta nyingine, maana dawa hii haipatikani kila duka. Kamati ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ilikataa kuiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2019 na tena 2021. Nawe ukianzishiwa, mwulize daktari mapema kuhusu dozi za Ramadhani.

Siku ya kwenda kupimwa, usiende mikono mitupu. Daktari atataka kujua kama dalili zilikuwepo kabla hujafika miaka 12, na wewe hukumbuki hata ulichokula jana. Mwombe mama ripoti zako za shule ya msingi. Nakumbuka mwalimu alivyokuandikia, "ana uwezo, ila anazungumza mno na hamalizi kazi." Mama naye akikubali kufuatana nawe itakuwa vizuri zaidi, ataeleza ulivyokuwa.

Dawa za asubuhi mwachie Baba Rashid, aweke kengele kwenye simu yake, maana yako huwa unaizima na kuendelea kulala. Nisalimie wote, na wifi pia. Tarehe ya kliniki ukishapewa nitumie papo hapo, kabla hujashika kitu kingine, nikukumbushe.

Shoga yako,
Mama Zuhura