Ndizi ya Guinea, mahindi ya Wahindi

Houston, Texas
9 Novemba 2025

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu zenu zimefika. Ile sauti yako ya dakika saba niliisikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa ndani ya basi, abiria wakawa wananitazama ninavyocheka peke yangu. Mimi mzima, mguu umepona. Mwambie mama viatu vyake anavyo yule mgeni anayekuja Desemba, asiende kununua vingine Memorial. Barua hii msomee, ila kuna sehemu nitakuambia uiruke.

Sasa swali lako. Unasema kampuni inatafuta waongoza wageni wanaojua Kihispania, mwenzako aliyejifunza hakosi safari, na wewe bado unabeba mizigo ya watalii huko Kilimanjaro na wagumu wenzako. Kuna mtu hapo mjini anafundisha "miezi mitatu unaongea". Unauliza: dada, hicho Kihispania kinalipa kweli, au ni porojo?

Kinalipa. Mimi kimenilipa. Ila namna nilivyokipata haiuzwi kwa miezi mitatu, kwa hiyo kaa nikusimulie.

Nilipofika hapa mwaka 2014 niliwaambia nafanya kazi hotelini, mkadhani nimevaa tai mapokezi. Nilikuwa nasugua mabafu. Ndiyo, boksi nililibeba. Tulikuwa wanawake 11, na 10 kati yao walitoka Honduras, El Salvador na Mexico. Msimamizi aligawa vyumba saa kumi na mbili asubuhi kwa Kihispania, mbio kama mpiga debe wa stendi. Waliomwelewa walipata vyumba ambavyo mgeni bado yupo: unatandika, unabadilisha taulo, basi. Mimi niliyebaki nakodoa macho nilipewa vile mgeni alivyohama, unaanza upya kuanzia shuka hadi nywele kwenye tundu la bafu. Kiingereza changu cha kidato cha sita kilitakiwa kwenye fomu ya kuombea kazi. Kule chini kwenye stoo ya mashuka hakikuwa na pa kukaa.

Aliyeniokoa ni mama mmoja wa Honduras, umri wa mama yetu. Wote walimwita Doña, nami nikamwita Doña, maana kwao mtu mzima humwiti jina kavu. Siku moja nilifungua kontena langu la chakula, ndizi na nyama, si machalari ya mama lakini nilijitahidi. Akachungulia, akapiga makofi: "¡Guineo!" Akafungua na lake. Ndizi mbichi za kuchemsha, zilezile, na maharage pembeni. Tukala kutoka makontena yote mawili bila kuwa na lugha ya kuongelea.

Miaka ilipita ndipo nikalielewa lile neno. Guineo maana yake ni "ya Guinea". Ndizi zilivuka bahari kutoka Afrika karne ya 16, wao wakazipa jina la huku kwetu. Mahindi nayo yalivuka kutoka Mexico kuja kwetu, na sisi tukayaita mahindi, kana kwamba yametoka India. Nilipomweleza Doña hilo alicheka hadi akashika meza. Na meza yenyewe ni mesa. Bendera ni bandera. Sisi tuliyatoa kwa Wareno, lakini Kireno na Kihispania ni ndugu wa tumbo moja.

Hapo una mtaji ambao Mmarekani hana. Irabu zao ni tano zilezile, a, e, i, o, u, wala hazibadiliki njiani. Mmarekani anaziponda, wewe unasoma kama unasoma Kiswahili. Halafu kuna Kiarabu. Waislamu kutoka Afrika Kaskazini waliingia Hispania mwaka 711, na dola yao ya mwisho huko ikaanguka 1492. Maneno yakabaki. Pwani yetu nayo ikaokota katika kapu hilohilo. Sukari ni azúcar. Meya wa mji ni alcalde, ndiye kadhi huyohuyo kabadilishiwa kazi. Forodha wanaiita aduana, ndugu yake diwani. Na wakisema "hasta mañana", hilo hasta ndilo hata letu, lile la kizamani la "hata kesho". Haya sikufundishwa darasani. Niliyakuta usiku, kamusi mbili kitandani, nikajiona profesa.

Yapo pia ya kukuumbua. Unajua kwa nini siku hizi nikiwa kazini sikuiti kaka? Nilikuwa nakupigia wakati wa mapumziko, "Kaka! Kaka, unanisikia?", chumba kizima kinaangua kicheko. Caca kwao ni kinyesi. Na baba ni udenda, ule unaomtoka mtoto mdomoni. Basi wewe sasa ni "mdogo wangu", vumilia.

Desemba yao ungeipenda. Barabara za kwenda kusini zinajaa pikapu zilizofungwa magodoro, baiskeli, majokofu. Watu wa Mexico wanarudi kwao kula Krismasi. Kutoka Houston hadi mpakani Laredo ni kama kilomita 500, karibu sawa na Dar hadi Moshi, na ukiuona msururu ule unasema moja kwa moja: hawa ni Wachagga. Asiyerudi anasemwa. Aliyerudi na gari kuukuu anasemwa pia. Na mwaka mzima ni kutuma: mwaka 2023 Mexico ilipokea zaidi ya dola bilioni 60 kutoka kwa watu wake walioko nje. Ijumaa jioni kwenye dirisha la kutuma pesa mimi na wao tuko foleni moja, kila mtu na picha ya ada ya mtoto wa mtu kwenye simu yake.

Wanaobaki wanapika tamales. Hiyo si kazi ya mtu mmoja. Mahindi yanachemshwa na chokaa, ndiyo, chokaa, hadi ganda la juu linalegea, kisha yanasagwa mabichi-mabichi kuwa unga wa kukanda. Mmoja analoweka maganda ya bunzi, mwingine anapaka unga, wa tatu anaweka nyama, wa nne anakunja na kupanga kwenye sufuria la mvuke. Mwaka wa kwanza nilipewa kuloweka maganda. Mwaka wa tatu nikapandishwa cheo, nikapaka. Ukitaka kusikia Kihispania cha kweli kaa hapo saa sita, maana mikono ina kazi na midomo haina: nani kaachwa, nani kapata makaratasi, binti wa nani anatimiza miaka 15 na baba yake kakopa kwa ajili ya sherehe. Hiyo sherehe ya miaka 15, quinceañera, ina kamati na wachangiaji, mmoja analipa keki, mwingine ukumbi. Kadi ya mchango sikuiona, lakini nilijua niko nyumbani.

(Hapa usimsomee mama.) Wiki iliyopita, tarehe 1 na 2, ilikuwa siku yao ya marehemu. Mkwe wa Doña ametoka Mexico, kwa hiyo nyumbani kwao wanaweka meza ya picha za waliotangulia, mishumaa, mkate wa siku hiyo, maua ya rangi ya chungwa, na chakula alichokipenda kila mmoja. Wakaniambia nilete picha. Nikapeleka ile ya mzee akiwa kihambani, kofia imeinama. Alipenda nini? Nikasema mbege, pombe yetu ya ndizi. Mbege Houston naitoa wapi? Nikaweka chane ya ndizi. Mkwe akaandika kikaratasi "Baba", kwa kuwa ndivyo ninavyomwita. Wajukuu wakasoma, wakaanza kucheka udenda, Doña akawakata jicho moja wakanyamaza. Nilikaa pale hadi mshumaa ukafika nusu. Mama atasema ni matambiko, atampigia mchungaji. Lakini na sisi si tunafagia kaburi lake mgombani kila Krismasi na kumsimulia mwaka ulivyokwenda?

(Endelea kusoma kwa sauti.) Kazi sasa. Kutoka hotelini nilikwenda kulea wazee, halafu nikasomea usaidizi wa kliniki. Kwenye usaili wakauliza lugha. Wakanipa mtihani wa kuongea kwa simu, nikafaulu, nyongeza ikawa dola 1.50 kila saa. Zidisha kwa saa 40 za wiki, uone kwa nini simu yako mpya haikuchelewa.

Usaili ule uliniachia kitu moyoni. Mwishoni tulibaki wawili, mimi na kijana aliyezaliwa hapahapa, jina la ukoo la Kihispania. Tukaongea kwenye benchi. Bibi na babu yake walichapwa shuleni hapa Texas kwa kukiongea, wakaapa watoto wao hawatayapitia. Basi yeye hakukijua, na kazi nikaipata mimi wa Moshi. Wako wengi kama yeye, na wenzao wanawatania "no sabo", yaani "sijui" iliyokosewa sarufi. Mimi simcheki mtu. Nawaona watoto wa Watanzania wenzangu hapa, unawaambia shikamoo ndivyo inavyosemwa, wanakujibu "hi, auntie".

Wagonjwa wakinisikia huuliza kama mimi ni wa Kuba, au wa Honduras upande wa pwani, kwani kule wako weusi, Wagarifuna. Nikisema Tanzania wanauliza kama tunaongea Kihispania. Nawaambia hapana, hao ni Guinea ya Ikweta.

Kwa nini kliniki inalipa? Mwaka 1980 huko Florida, kijana wa miaka 18 alipelekwa hospitali hajitambui. Familia, watu wa Kuba, walisema yuko "intoxicado", maana yao kuna kitu alichokula au kunywa kimemdhuru. Wahudumu wakasikia neno la Kiingereza linalofanana nalo, wakamtibu kama mtu aliyezidisha dawa za kulevya. Kumbe damu ilikuwa inavuja ndani ya ubongo. Akapooza mikono na miguu, na fidia yake ikafikia takriban dola milioni 71. Neno moja. Hata leo chupa ya dawa ikiandikwa "once" kwa Kiingereza ni mara moja. Mtu anayesoma Kihispania anaona 11. Ndiyo maana sheria, kuanzia ile ya haki za kiraia ya 1964, inazibana hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu ziwe na mkalimani. Na nyongeza yangu, elewa, ni ya kupokea watu, kujaza fomu na kupima presha. Daktari akianza kueleza ugonjwa tunamwita mkalimani aliyesomea. Mwanzoni niliona wananidharau. Siku hizi nashukuru.

Utasikia watu wakisema Marekani ni Kiingereza tu. Ni kweli Machi 2025 rais alitia saini amri ya kukifanya lugha rasmi. Kabla ya hapo nchi haikuwa nayo kitaifa. Lakini Texas yenyewe ilikuwa Mexico hadi 1836, na wenyeji wana msemo kwamba hawakuvuka mpaka, mpaka ndio uliowavuka. Sensa ya 2020 ilihesabu Walatino milioni 62, karibu sawa na Watanzania wote tuliohesabiwa 2022. Ukae kliniki na watu wote hao halafu umsubiri kila mgonjwa ajifunze Kiingereza?

Ila usiwajumuishe. Wa El Salvador ukimwita Mmexico umemkosea, kama vile mama akiitwa Mpare. Na wapo bibi wa Guatemala ambao Kihispania chenyewe ni cha kuazima. Lugha yao ni Kimam. Nikikutana na mmoja wao tunaongea polepole, wote wageni, na tunaelewana kuliko ninavyoelewana na daktari.

Kuhusu huyo mwalimu wa miezi mitatu: lipa mwezi mmoja, upate matamshi na vitenzi vya kuanzia. Baadaye kama una hela kuna mtihani wa DELE, wenye ngazi kuanzia A1 hadi C2. Mwajiri akiona B2 ataacha kukuuliza maswali. Wageni wako ni wa Hispania, kwa hiyo "gracias" wataitamka na "th" ya thelathini katikati. Mimi natamka "s" kama Doña. Usiniige hapo. Na kitenzi "coger", kuchukua, wao wanakisema mbele ya mama mkwe. Huku kwa watu wa Mexico kitakupigisha kofi. Akija mgeni wa Mexico, tumia "tomar". Wazee wape "usted", ile "wewe" ya heshima, hata wakikuambia usijisumbue.

Sasa kazi ya nyumbani. Nitumie sauti ya dakika mbili kwa Kihispania, unamweleza mgeni njia ya Marangu kutoka getini hadi Mandara: msitu, nyani, mvua, maji anywe kiasi gani. Kosea tu. Nimeshamwambia Doña, anaingoja Jumapili baada ya misa, na akisahihisha hana huruma.

Mpe mama shikamoo zangu.

Dada yako