Saini tele ndani ya jalada, uamuzi hakuna

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala kuhusu uwajibikaji wa watumishi wa umma. Viongozi wetu wamezoea kupima uwajibikaji kwa daftari la mahudhurio, na sipingi likaguliwe, kwa kuwa anayelipwa mshahara kuanzia saa 1:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri anapaswa kuwapo kazini. Hata hivyo, baada ya kufanya kazi masijala, yaani ofisi inayotunza majalada, kwa muda mrefu hadi kustaafu, nimeona kwamba mtoro hatusumbui sana kama yule anayewahi kila siku, akashinda ofisini akihangaika na makabrasha, na Ijumaa ikafika bila mwananchi hata mmoja kupata alichokifuata.

Chukua barua ya mwananchi anayelalamikia mpaka wa kiwanja chake. Inagongwa muhuri wa kupokelewa, inawekwa kwenye jalada, na jalada linapanda ngazi. Mkuu wa idara anaandika "Tafadhali shughulikia". Wa chini yake anaandika "Nimeona, kwa hatua zako" na kumsukumia mwenzake, ambaye anaandika "Naomba ushauri", na wa nne analirudisha juu kwa maneno "Kwa maelekezo yako". Haipiti muda karatasi ya madokezo imejaa saini na tarehe kwa wino wa rangi mbili tatu, na kila aliyesaini anaweza kuapa kwamba suala hilo amelifanyia kazi, ila hakuna aliyemwagiza mpimaji aende kiwanjani akaangalie bikoni, yaani alama za mpaka. Mwenye barua akija dirishani anaambiwa kuwa suala lake lipo kwenye mchakato. Jibu hilo halina uongo ndani yake, na ndiyo maana linaudhi.

Ugonjwa huu si wetu peke yetu. Mwaka 1955 Mwingereza C. Northcote Parkinson alieleza katika jarida la The Economist kwamba kati ya mwaka 1914 na 1928 meli kubwa za kivita za Uingereza zilipungua kutoka 62 hadi 20, ilhali maofisa wa makao makuu ya jeshi la majini waliongezeka kutoka 2,000 hadi 3,569. Aliandika kwa mzaha, lakini hoja yake ilikuwa nzito: watumishi hutengenezeana kazi wao kwa wao, kila mmoja akachoka kikwelikweli. Kwetu tunatengenezeana zaidi kwa vikao. Kuna kikao, kuna kikao cha maandalizi ya kikao, kisha inaandikwa taarifa ya utekelezaji ambayo sehemu yake kubwa ni orodha ya vikao vilivyofanyika. (Posho nayo ina mchango wake hapo, lakini hiyo ni barua ya siku nyingine.)

Serikali imejaribu kupima kazi yenyewe. Mwaka 2004 ilileta fomu za OPRAS za kupima utendaji kazi, ambamo mtumishi alikubaliana na mkubwa wake malengo ya mwaka, na katika ofisi nyingi nilizozifahamu zilijazwa harakaharaka mwaka wa fedha ulipokaribia kwisha, wote wakapata alama za kufanana. Sasa upo mfumo wa kielektroniki wa PEPMIS, ambamo mtumishi huingiza majukumu yake na msimamizi akayapima. Ni hatua njema, mradi isifike mahali ambapo "kuhudhuria kikao" au "kupitia jalada" kunahesabiwa kuwa kazi iliyokamilika.

Tusiwaite watumishi hawa wavivu, maana wengi wao si wavivu. Wanaogopa. Ofisa anayeamua anaweza kukosea, akaandikiwa barua ya kujieleza, pengine akasimamishwa kazi hadharani mbele ya kamera. Anayeandika "Kwa maelekezo yako" hajawahi kuulizwa lolote, na cheo chake kinapanda kwa wakati. Mtu mwenye watoto wanaosoma atachagua lipi?

Kwa hiyo, kiongozi anayefanya ziara ya kushtukiza angefanya vyema kuingia masijala, kuchomoa jalada lililokaa muda mrefu kuliko yote, na kumtaka kila aliyesaini aeleze saini yake ilibadilisha nini. Pamoja na hilo, wakurugenzi wa halmashauri wawape maofisa wa ngazi ya chini mamlaka ya maandishi ya kuamua mambo madogo, kama vile kumtuma mpimaji kwenye mgogoro wa mpaka, na watamke wazi kwamba aliyekosea kwa nia njema atarekebishwa, lakini aliyekalia jalada bila kuamua ndiye atakayeandikiwa barua ya kujieleza.

Mtumishi mstaafu,
Dodoma