Ile picha ya mlangoni

Mwenzangu Zuhura,

Natumai barua hii itakukuta mzima. Huku Mombasa hatujambo, ila joto ni lile lile na feni imekufa.

Umeniuliza kwa nini nilinyamaza ghafla kaka yako aliposema polisi wetu wa Kenya waliotua Port-au-Prince, mji mkuu wa Haiti, Juni 2024 ndio wageni wa kwanza kwenda kuwatuliza Wahaiti. Ningeanza kumjibu, chai ingepoa.

Wamarekani walitangulia kitambo. Desemba 1914 wanajeshi wao wa majini walishuka pale, wakachukua dhahabu ya dola 500,000 kutoka benki ya taifa, wakaipakia melini hadi New York. Mchana kweupe! Julai iliyofuata wafungwa wa kisiasa walichinjwa gerezani, umati ukamvamia Rais Vilbrun Guillaume Sam ukamuua, na tarehe 28 askari wa Kimarekani wakateremka. Tumekuja kuleta utulivu, walisema. Wakakaa miaka 19.

Rais mpya alikuwepo, Dartiguenave, Mhaiti kabisa. Lakini forodha na hazina zilikuwa mikononi mwa Wamarekani, na askari wa nchi waliongozwa na maofisa wa Kimarekani. Sijui rais wa namna hiyo huamkia kazi gani asubuhi.

Linaloniuma zaidi ni barabara. Walifufua sheria ya 1864 ya kuwafanyisha wanakijiji kazi za barabara. Wakulima wakakamatwa, wakafungwa kamba, wakapelekwa kuchimba mbali na kwao. Aliyejaribu kukimbia alipigwa risasi.

Ndipo watu wa milimani waliposhika panga na bunduki chakavu. Waliitwa cacos. Kiongozi wao, Charlemagne Péralte, alikuwa afisa wa jeshi. Wamarekani walimhukumu kifungo na kazi ngumu, akawa anafagia barabara za Cap-Haïtien na nguo za jela. Alitoroka 1918. Mwaka uliofuata ofisa wa Kimarekani aitwaye Hanneken alijipaka weusi usoni, akawapita walinzi usiku, akamuua.

Maiti yake Wamarekani waliifunga kwenye mlango, wakaipiga picha, wakaisambaza ili watu waogope. Nimeitazama mara nyingi, Zuhura. Kitambaa kiunoni, kichwa kimeinama, bendera nyuma yake na msalaba kwenye ncha ya mti wake. Sasa wape Wakatoliki wa kijijini picha kama hiyo! Walimwona Yesu. Mpiga picha hakuliona hilo.

Askari waliondoka Agosti 1934, ila fedha za nchi waliendelea kuzisimamia hadi 1947. Baadaye sura ya Péralte iliwekwa kwenye sarafu za Haiti.

Vijana wetu siwalinganishi na wale, wengine nawajua hadi mama zao. Lakini bibi wa Port-au-Prince aliyewaona wakishuka ndege na bunduki ana hadithi alizosimuliwa na nyanya yake.

Mwambie kaka yako nikija Tanga tutaendelea, na kahawa ananunua yeye.

Wako,
Rehema